Mama Alitaka Tungoje Macho

Kama leo umekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, na kuna mtu wako amekwambia shule itangoja mpaka yapone, basi haya nimekuandikia wewe. Sitakueleza ugonjwa. Daktari wako ataueleza vizuri kuliko mimi, na usipomwelewa mwulize tena bila kuona haya. Mimi nitakusimulia tu jinsi tulivyongoja, mimi na mama yangu, na jinsi kungoja huko nusura kuninyime chuo.

Naitwa Mwende. Tunakaa mtaa wa Laini Saba, hapa Nairobi, si mbali na reli, na Mama anauza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, chakula cha kwetu Kitui. Baba alirudi Kitui kitambo na huko aliko ana familia nyingine, kwa hivyo hatumtaji sana nyumbani na hapa pia sitamtaja zaidi. Nilikuwa kidato cha tatu nilipoanza kugonga vitu. Mwanzoni tulicheka. Nilimwaga sufuria ya jirani, nikakanyaga nyanya za mama mboga, na siku moja nikasalimia koti lililoanikwa kwenye kamba, nikangoja linijibu. Shuleni nikaanza kuruka mistari ubaoni. Walimu walipomwambia Mama anipeleke hospitali, pembeni kote kulikuwa kumeshajifunga; nilikuwa naona kilicho mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba.

Tuliambiwa ni presha ya macho. Mama alikataa papo hapo.

"Presha ni ya wazee, daktari. Huyu ni mtoto."

Kliniki ile ina benchi refu linalozunguka kuta. Unafika asubuhi na mapema, unakaa mwisho, na kila mtu akiingia kwa daktari mnasogea wote, makalio kwa makalio, mpaka jua linapanda juu. Nesi anapita akiwatia matone ya kupanua mboni, na baada ya hapo mwanga wowote unakuwa adui. Watu huinamisha vichwa na kujifunika leso. Hapo ndipo wanapopeana dawa zao: asali, maji ya kitunguu, majani ya mti ambao kila mtu anaujua kwa jina tofauti. Mama alizikusanya zote. Siku moja mama mzee aliyekaa karibu nami alinivunjia nusu ya nduma yake bila kuniuliza mimi ni nani, na nikaila nikiwa nimefumba macho. Sijawahi kula nduma tamu hivyo.

Nilianza kuhesabu mwaka kwa matone. Yale ya kwanza yalichoma. Ya pili hayakuchoma, lakini yalizifanya kope zangu ziote ndefu na nyeusi, na ngozi ya chini ya jicho ikaiva weusi kama ya mtu asiyelala. Wasichana wa darasani walinionea wivu. "Mwende, umebandika wapi hizo kope?" Nilikuwa siwaoni vizuri wanaponisifu. Mvua ndefu za kidato cha nne zilinikuta nimefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, lile la kushoto likiwa limeshaenda. Maji hayakutakiwa kuligusa, kwa hivyo Mama alinilaza kichwa kwenye paja lake na kuniosha nywele kwa kikombe, taratibu, huku mvua ikipiga mabati hata hatusikizani. Upasuaji ulishusha presha. Kuona hakukurudi. Kilichobaki ni mwanga, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni.

Mtihani wa kidato cha nne niliufanya kwenye chumba cha peke yangu, mwalimu akinisomea maswali na kuandika nilichosema. Nilipita. Nikapata nafasi ya kusoma ustawi wa jamii katika chuo kimoja hapa hapa Nairobi. Jirani ndiye aliyetusomea ujumbe kwenye simu. Mama alipiga vigelegele.

"Tungoje macho kwanza," akasema.

"Mama, chuo kinafunguliwa Septemba."

"Kwani chuo kinaenda wapi? Macho yakirudi utaenda hata na mguu."

Alikwenda mwenyewe chuoni kuwaomba. Wakakubali kuniwekea nafasi mpaka Septemba iliyofuata, mara moja tu. Nikiikosa hiyo, wataipa mwingine na mimi nianze kuomba upya. Mama alirudi amefurahi kana kwamba ameniletea zawadi.

Mwaka ule nilikaa. Sijui neno lingine. Nilikaa kwenye kitanda, nilikaa kwenye stuli nje ya mlango, nilikaa nyuma ya kibanda cha muthokoi. Nilinenepa mwili na nikaisha miguu. Nikipanda ngazi ya jirani mapaja yalitetemeka. Nililala mchana kwa sababu mchana na usiku vilikuwa vinafanana. Marafiki walikuja, wakapungua, wakaisha. Waliobaki ni wateja wa Mama, na wao walimwuliza yeye. "Anakula? Analala vizuri? Anasikia?" Mimi niko hapo, nimewashikia bakuli lao. Mama aliwajibu yote. Nilimkasirikia mpaka nikaogopa hasira yangu.

Aliyenitoa hapo ni Auntie Syombua, dada yake Mama, anayekaa Kawangware, mtaa mwingine wa hapa Nairobi. Alikuja kututembelea akanikuta nalishwa.

"Huyu mtoto mikono iko wapi?" akauliza. "Mwende, chukua kijiko. Halafu funga nguo zako. Unaenda na mimi."

Mama alilia. Auntie hakulia. Karibu na kwake, katika ukumbi wa kanisa, kulikuwa na mwalimu aliyefundisha watu wasioona kutembea kwa fimbo nyeupe na kutumia simu inayozungumza. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona tangu utotoni. Aliitwa Mwalimu Odhiambo, na siku ya kwanza aliniacha nisimame katikati ya ukumbi mpaka nikachoka.

"Mwalimu, nikae wapi?"

"Kuna viti. Tafuta."

"Hapa shida ni kuwa sioni."

"Heee! Pole sana. Na mimi nilidhani nimeletewa mwenye kuona."

Nilimchukia kwa siku hiyo moja. Kwake nilijifunza kupeleka fimbo kushoto mguu wa kulia ukienda mbele, kumshika mtu kiwiko badala ya kuburutwa kwa mkono, na kusikiliza simu inavyosoma mbio mbio mpaka ikawa kawaida. Alinieleza jambo ambalo ningependa kila mzazi alisikie. Wanafunzi wengi wasioona, alisema, wanatoka shule za bweni wakiwa na alama nzuri na Braille ya kupendeza, lakini hawajawahi kuvuka barabara peke yao. Shuleni kuna kengele, kuna matron, kuna wenzako mnaoshikana mabega kwenda kula. Chuo hakuna. Wiki ya kwanza wanakaa chumbani na njaa kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kantini iko wapi, na wakishaona aibu kuuliza wanarudi nyumbani.

"Usijifunze ukishafika," aliniambia. "Fika ukiwa unajua."

Nilirudi Laini Saba mvua zikiisha, na fimbo mkononi. Mama aliisikia ikigonga kabla hajaniona, maana alitoka kibandani akauliza nani anagonga gonga. Halafu akarudi ndani. Kina mama wa ushirika wa kanisa walikuja jioni kunikaribisha, na mmoja akasema kwa upole kabisa kwamba mtu anayeombea macho hawezi kushika fimbo ya kipofu, kwa sababu ameshakubali. Hakuwa mtu mbaya, na sabuni ya kufulia alikuwa ametuletea. Lakini neno lake lilimwingia Mama.

Hata hivyo niliendelea. Nilijifunza njia ya kutoka kibandani mpaka nyumbani kwa njia iliyoonekana rahisi: kwa kelele. Ukitoka kwa Mama unafuata fundi wa kuchomelea madirisha, yule chuma chake kinavuma. Kisha kinyozi, ambaye spika yake inaweza kuamsha wafu. Kisha mashine ya kusaga unga, na ukishaipita unakata mkono wa kulia. Baada ya wiki chache nilikuwa natembea njia hiyo bila kufikiri. Watu walinisifu. Nilianza kujisifu pia.

Alasiri moja nikiwa kati ya fundi na kinyozi, stima zikapotea.

Mtu wa Laini Saba atacheka hapa, na acheke. Kipofu kupotezwa na kukatika kwa stima! Lakini fundi alinyamaza, kinyozi akanyamaza, mashine ya unga ikazunguka mara ya mwisho ikanyamaza, na mtaa wote niliokuwa nikiujua ukaondoka. Nikasikia watu tu, kutoka kila upande, wakilaani kampuni ya umeme. Nilijaribu kuendelea. Fimbo ikaingia kwenye mtaro na mimi nikafuata mpaka goti. Mama mmoja mwenye huruma akanidaka mkono, akasema "Twende mama, twende," akanivuta asijue ninakwenda wapi, akaniacha kwenye mlango wa watu nisiowajua. Nilikaa pale chini, matope yakinikauka mguuni, nikalia kama mtoto mdogo.

Mama alinipata kwa kuulizia. Hakunigombeza. Alinishika kifundo cha mkono, akanipeleka nyumbani, akaniosha mguu. Asubuhi yake fimbo haikuwepo.

"Iko wapi, Mama?"

"Imepumzika. Na wewe pumzika."

"Chuo kinafunguliwa mwisho wa mwezi."

"Kwani hukuona jana? Ungekufa! Tungoje macho, Mwende. Si daktari anatupatia dawa? Mtu hapewi dawa bure."

Nilikuwa nimemwambia mara nyingi kuwa hayatarudi. Nilimwambia tena. Alianza kupanga sufuria, na sufuria za Mama zikianza kupangwa hakuna mazungumzo.

Siku zile zilizobaki zilinikula roho. Kila nilipoamka nilijua nafasi yangu inakaribia kwenda kwa mtu mwingine, na mimi nimekaa juu ya godoro nikisikiliza watoto wa jirani wakienda shule. Katikati ya siku hizo ikafika zamu yangu ya kliniki. Tukakaa kwenye benchi, tukasogea, tukasogea. Daktari alikuwa mpya, msichana kwa sauti yake. Alipima presha, akasema imeshuka vizuri.

"Siku hizi anaonaje?" akamwuliza Mama.

"Anaendelea, daktari. Tunangoja tu yarudi."

Nilisikia kalamu ikisimama.

"Yarudi? Mama, nani alikuambia yatarudi?"

"Si mnampatia dawa."

"Dawa ni ya kulinda hii kidogo imebaki. Ile imeenda, mama, imeenda. Hairudi. Pole sana." Kisha akanigeukia mimi, nilijua kwa sababu sauti ilikuja usoni. "Mwende, wewe ulielezwa?"

"Nilielezwa. Tangu upasuaji."

"Na hukuniambia?" Mama akauliza.

"Nilikuambia, Mama."

"Uliniambia lini?"

"Kila wakati."

Tulitoka. Mama akarudi kukaa kwenye lile benchi, ingawa zamu yetu ilikuwa imekwisha, na watu wakajisogeza kumpa nafasi bila kuuliza. Alilia bila sauti. Nilihisi tu bega lake. Nilikuwa nimemkasirikia kwa muda mrefu, na sasa nilimhurumia, na lile la kwanza halikuondoka kumpisha la pili. Yote mawili yalikaa nami pale.

"Sasa mimi nimekuwa nikingoja nini?" akasema.

Nje ya geti alininunulia chai na mandazi, yake hakuyagusa. Tulipoondoka sikuhisi vidole vyake kwenye kifundo cha mkono wangu kama siku zote. Alinisogezea kiwiko, akangoja nikishike. Sikujua hata kwamba alikuwa amewahi kuona jinsi Auntie alivyonitembeza.

Nyumbani aliinua godoro lake, akatoa kitu kirefu kilichofungwa leso, akakiweka mapajani mwangu.

"Shika kitu yako. Chuo ni lini vile?"

Mwalimu Odhiambo alikuja Laini Saba mwenyewe. Nilipomweleza habari ya stima alicheka hadi akakohoa. Akasema masikio yangu ni mazuri sana ila yanategemea umeme, na sasa tutayaacha nyumbani. Akanifundisha njia ile ile kwa miguu: mahali ardhi inapoanza kuteremka, bamba la zege lililofunika mtaro, pale ambapo udongo unageuka kokoto karibu na reli, na ukuta wa mabati unaoukuna kwa ncha ya fimbo mpaka unaisha. Tulipita sisi wawili na fimbo mbili, na vijana wa bodaboda wakapiga makelele.

"Niaje, mwalimu! Leo mko wawili, na nani anaendesha?"

"Huyu anaendesha," akajibu. "Mimi ni makanga, nakusanya nauli."

Mama alitufuata nyuma. Sharti lilikuwa asiseme kitu. Nilimsikia akivuta pumzi kila nilipokaribia mtaro, lakini sharti alilishika.

Tuliripoti chuoni siku ya kwanza. Karani wa usajili alimwuliza Mama kama nitaweza. Mama alifungua mdomo, najua kwa sababu anapotaka kusema huwa anavuta hewa kwanza, kisha akaiachia hiyo hewa bila neno. Karani akalazimika kuniuliza mimi. Nikajibu.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalikwenda mteremko. Mhadhiri mmoja alifundisha kwa kidole: "Hii tukiiweka hapa, inatupatia ile." Nilinyoosha mkono nikamwomba ataje anachoandika, na darasa likacheka, na wiki iliyofuata nikaomba tena, na tena, mpaka ikawa desturi yake. Jaribio la kwanza lilikuja kwenye karatasi. Nilikuwa nimewaeleza siku ya kuripoti kuwa nahitaji kompyuta yenye sauti na muda wa ziada, na bado karatasi ikawekwa mbele yangu, laini, nyeupe, haina maana yoyote. Niliipapasa karatasi ile. Halafu nikasimama nikaenda ofisini kwa fimbo yangu. Wakasema samahani, hatukukumbuka. Kwa hivyo wewe usiseme mara moja tu. Sema wiki ya kwanza, na kila muhula sema tena, hata wakikuona msumbufu.

Huruma nazo zilikuwepo. Msichana anayeitwa Atieno, wa Kawangware, alinijia mlangoni mwa darasa.

"Sasa Mwende. Mimi ni Atieno, huwa nakaa nyuma yako. Unataka nikushike ama wewe ndio unanishika?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo na mtu asiyefundishwa. Nikamshika kiwiko, tukaenda kantini, na tangu siku hiyo sikushinda njaa tena.

Baada ya lile jaribio, hata hivyo, nilirudi nyumbani nimevunjika. Nilimwambia Mama nimechoka, nikae kidogo nyumbani, pengine niahirishe muhula. Nilitarajia afurahi. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilisikia yakidondoka kwenye sinia, moja moja.

"Hapana," akasema. "Hapa tumekaa ya kutosha. Kesho uko darasani."

Nikaenda.

Wiki kadhaa baadaye ilikuwa Jumapili, mtihani wangu wa kwanza wa muhula ukiwa Jumatatu. Safari hii walikuwa wameniandalia kompyuta, na nilikuwa nimekwenda mwenyewe kuijaribu. Katika kanisa letu, kabla ya mahubiri, pasta huuliza nani ana hitaji la kuombewa, na watu husimama mmoja mmoja. Tangu niugue, Mama hakuwahi kukosa kusimama, na hitaji lake lilikuwa lile lile hata watoto walilijua: mniombee macho ya Mwende. Siku hiyo akasimama kama kawaida. Nikainama, nikangoja kusikia macho yangu yakitajwa mbele ya watu.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mtoto wangu ana mtihani kesho. Mniombee apite."

Watu wakangoja amalizie. Pasta pia akangoja.

"Na macho, Mama Mwende?" akamsaidia.

"Ni mtihani tu, pasta," Mama akasema, akaketi.